Pigo la Tatu

Bronka Wensierska haji na picha, huja na furushi
lililofungwa kwa shuka la kitanda
na kamba ya katani, yenye mafundo ambayo mimi
huyakata kwa kisu, naye hukasirika.
"Fundo hufunguliwa," husema. "Kamba haijakukosea."

Duka langu liko Gdynia, nyuma ya soko la samaki.
Nakata mbao, nakata kioo, napima kwa milimita.
Yeye, miaka thelathini na mmoja, alipaka meli rangi
wala hakuulizwa hata siku moja: ipi?
Rangi zilikuja na namba kwenye debe.
Tumboni mwa meli, ile nyekundu iliyokolea, damu ya mzee,
ya kuzuia kutu. Juu yake kijivu. Juu ya kijivu
chochote atakacho mwenye meli,
na wenye meli, asema, hutaka nyeupe,
kama watu ambao hawajawahi kufua.

Sasa ana pensheni, na jiko lenye dirisha moja,
na rangi zisizo na namba.
Anazipa majina mwenyewe, kwa penseli, nyuma ya ubao:
Saa kumi na moja, kabla ya king'ora.
Supu ya bitiruti iliyopoa.
Hasira, lakini ya Jumapili.
Hiyo ya mwisho ni kijani. Nilimwambia
hasira kila mtu anajua ni nyekundu.
Akanitazama kama anayehesabu chenji.
"Nyekundu ni kazi. Nimeivuta mapafuni,
nimeisugua shingoni kwa mafuta ya taa.
Siwezi kukasirika kwa rangi ya mwajiri."

Oktoba akaleta nyeusi.
Nyeusi tupu, nilidhani, mpaka nilipoiinamisha mbele ya taa
ikaanza kuungama: buluu chini, kisha hudhurungi,
kisha kile kinachobaki nyuma ya kope
ukifumba macho juani.
Na ukingoni kulia, nukta tatu za manjano,
kila moja kama punje ya haradali.
Nyuma, neno moja: Alojz.

Nikaitia fremu ya mwaloni. Kazi safi, naapa.
Kesho yake akairudisha.
"Umekula moja."
Kweli. Kila fremu ina mdomo, hufunika ukingo,
milimita tano pande zote;
bila mdomo picha huanguka. Nikamweleza hivyo.
Akaketi juu ya kreti ya vioo, mahali ninapomkataza kila mara.

Alojz alikuwa kaka yake. Walipaka matangi
kwa zamu: mmoja ndani na taa, mmoja nje na kamba.
Chuma hakipitishi sauti ya mtu, hupitisha nyundo.
Pigo moja: nipo.
Mawili: naendelea.
Matatu: nitoe.
Siku ile alisikia mawili.
Msimamizi aliandika mawili kwenye daftari.
Miaka arobaini, akiosha vyombo, akipanda tramu, mawili.
"Sasa la tatu nimelichanganya mwenyewe.
Wiki sita. Kila nikilikaribia linakuwa limau,
au linakuwa taa ya barabarani.
Hatimaye nimelipata, nikaliweka mahali pake.
Wewe ukaliziba kwa mti."

Sikuwa na neno. Nilikuwa na patasi.
Nikauchonga ule mdomo upande wa kulia,
pengo la upana wa kucha,
na nukta ikatoka.
Nikamuuliza rangi hiyo inaitwaje.
"Haina jina," akasema. "Ikipata jina
kuna mtu ataitia kwenye debe."

Ipo dirishani sasa, gundi inakauka.
Wateja wanaona mwaloni mzuri ulioliwa pembeni,
wanauliza kama dukani mna panya.
Nasema ndiyo. Mmoja. Mkubwa.
Jioni nikizima taa, nyeusi huzama kwanza,
fremu hufuata, nami nasimama na funguo mkononi
kwa sababu pale penye pengo
bado hapajazimika.