Pua ya Mshonaji

Arobaini, alisema Bwana Lai, kwa baa moja huko Jena,
arobaini zinazofanana kama mayai ya trei moja,
na rangi iwe imekauka kabla ya Sikukuu ya Taa.

Basi nikakubandika ukutani, bwana msomi,
juu ya ndoo ya brashi, hapa Dafen, ghorofa ya tatu,
nikaanza na buti zako, maana buti ni rahisi.

Sasa nakujua kuliko ninavyomjua mume wangu.
Najua ni saa sita mchana na hujaamka,
soksi moja mguuni, nyingine imeziba chupa.
Kitabu cha sheria mbwa amekitafuna hadi sura ya nne,
kilichobaki kimewekwa chini ya meza isiyumbe:
ndiyo kazi pekee ya elimu chumbani humu.

Aliyekuchora kwanza, miaka mia mbili na ushee,
alikucheka kwa upendo.
Mashavu yako nayachanganya kwa ncha ya kisu:
nyeupe nyingi, nyekundu kiduchu, manjano ya kusingizia.
Lakini mlangoni kasimama mshonaji na karatasi ya deni.
Koti unalokoromea ndani yake bado ni lake.
Huyo hakuchekwa kwa upendo.
Huyo alipewa pua kama mdomo wa birika
ili walevi wapate pa kuelekeza kidole.

Mama yangu alishona mifuko ya jinzi Huizhou.
Miezi mitatu tajiri alimwambia kesho.
Alisimama mlangoni hivyohivyo,
bega moja limeshuka, karatasi mkononi,
na pua yake ilikuwa ndogo tu.
Pua ya mtu.

Nakala ya tatu nilipunguza unene wa punje ya mchele.
Ya tisa, punje nyingine.
Sikuwa na hasira. Mkono ulikwenda wenyewe
kama ulimi unavyolirudia jino bovu.
Kufika ya ishirini na mbili
mlangoni palikuwa na mtu aliyechoka,
na picha nzima ikaacha kuchekesha.

Usiku ule Yanqiu akapiga simu kutoka Wuhan,
mwaka wa pili, uhandisi wa maji.
Mama, viatu. Mama, ada ya maabara. Mama, umekula?
Nikageuza simu akuone.
Akacheka hadi wenzake bwenini wakamrushia mito:
"Huyo ni mimi Jumapili!"
Nikacheka nami, brashi mdomoni.
Ndiyo shida yako, mpumbavu wangu:
chuki juu yako haikai, inateleza
kama mafuta kwenye kioo.

Ijumaa ikaja picha kutoka Jena, imezungushiwa duara jekundu.
Pua si sahihi.
Bwana Lai hakupaza sauti. Hana desturi hiyo.
Alikata yuan kumi na tano kwa kila pua, pua ishirini,
bei ya viatu kamili,
kisha akaniletea taa ya pili
nipate kuona vizuri.

Nikazirefusha.
Siku nne nilirefusha pua, bwana msomi, na wewe ukilala.
Wakati mwingine niliusikia mkoromo wako
ukapanda na kushuka pamoja na feni.

Ya arobaini niliimaliza saa nane usiku.
Pua ndefu, kama walivyoagiza. Ndefu hasa.
Ila kwenye kiganja cha kushoto cha mshonaji,
kile kilichojificha gizani chini ya karatasi,
nilitia nukta ya manjano, ukubwa wa ufuta.

Asubuhi Bwana Lai akaja na lenzi yake.
Akainama. Akasogeza taa. Akainama tena.
"Hii ni nini?"

Vumbi, nikasema.
Rangi ikikauka litatoka lenyewe.