Samaki Mkavu

Nilikuwa mshika taa katika handaki la Combe-Noire,
miaka kumi na minne, mtoto wa mfua nguo wa kambini.
Taa ikizimika, nusu ya ujira wangu nayo imezimika.

Wiki ya tisa tulipita kwenye mwamba wa chaza:
makombe yamesongamana ndani ya chokaa
kama sahani za jana.
Kisha udongo wa manjano, ule unaong'ang'ania sururu.
Kisha mwamba wa kijivu, punje punje,
tukauita mayai ya samaki.
Kisha weusi: mfinyanzi na jasi,
unateleza hata ukikauka,
na hapo wanaume wa Bergamo wakaacha kuimba.

Wiki ya thelathini na moja, mayai ya samaki tena.
Halafu manjano.
Halafu baruti ikatulia, moshi ukapungua,
nikainua taa,
na chaza walewale wakatutazama.

Zanotti msimamizi akatema mate.
"Tumezunguka. Huyu mpima ametuzungusha mlimani
kama punda wa kinu,
kesho tutatokea tulikoingilia."

Mpima aliitwa Aurèle Jobin, kijana wa kikohozi.
Hakubishana. Usiku, bwenini,
aliondoa bakuli za supu mezani,
akamwaga unga wa mahindi, mpishi akaguna,
akatandika juu yake mablanketi matatu:
jeusi, la kijivu, na jekundu juu kabisa.
Akaweka kiganja upande wa kusini.
Akasukuma.

Blanketi lilikataa. Likakataa.
Kisha, katikati ya meza, likainua mgongo.

Akachukua sindano ya kushonea magunia,
akaupenyeza mgongo ule upande hadi upande.
"Jekundu. Kijivu. Jeusi. Kijivu. Jekundu.
Hatukuzunguka sisi. Kilichojikunja ni mlima,
nasi tumeupita tumboni."

"Na nani aliyesukuma?"

"Ile milima mikubwa ya kusini, ilipokuwa ikiinuka.
Mwaka mzima, pengine unene wa ukucha.
Jasi ndiyo unga wa mezani."

Zanotti akacheka bila meno kuonekana.
"Blanketi ni blanketi. Jiwe nimelipiga miaka arobaini.
Samaki mkunje angali mbichi;
jiwe ni samaki mkavu. Ukilikunja, linakatika."

Jobin akapandisha mkono wa shati,
akakunja kiwiko chake chembamba chini ya taa yangu.
"Tazama. Nje ngozi imevutika, ndani imejikunyata.
Mgongoni mwa mlima jiwe lilipasuka nyufa nyufa,
maji yakaingia, yakaacha ile mishipa myeupe
mnayoilaani kwa kuvunja patasi.
Lakini kukatika kabisa? Lingekatikia wapi?
Juu yake palilala mwamba mwingine mzima,
chini joto la maji ya kuogea,
na hapakuwa na wa kulikimbiza.
Punje ikabanwa huku, ikayeyuka, ikaganda kule.
Mkavu naye hukunjika, msimamizi.
Anataka uzito, na muda ambao sisi hatuna."

Akakohoa. Kimya.
Mtu akayakung'uta mablanketi, maana tulikuwa tunayalalia.

Zanotti hakuomba radhi, si jana yake wala kesho yake.
Ila asubuhi nilimwona akiegemeza kiganja kwenye chaza,
muda mrefu, kama anayepima homa ya mtoto,
na mchana Jobin alikuta ndani ya mkoba wa dira
kipande cha jibini
kimefungwa kwa karatasi ya baruti.

Jobin hakuliona treni la kwanza.
Mimi hulipanda kila mwezi kwenda kwa daktari wa magoti.
Dakika nne za giza. Abiria husinzia, hujitazama kiooni.
Mimi nahesabu: chaza, manjano, mayai, weusi,
masikio yanaziba,
mayai, manjano,
na kabla ya mwanga kuingia dirishani
kiwiko changu kimeshajikunja chenyewe.