Spoki

Sista Nakijwa hakuwa na karatasi.
Aliuchora ubongo wa baba nyuma ya kadi ya kliniki,
kwa kalamu inayokatakata wino,
ukatoka kama korosho mbili zilizogandana.

"Hapa," akasema, ncha ikatua kushoto,
"mbele kidogo ya sikio, ndipo maneno yanapofungwa mizigo
kabla ya kupelekwa mdomoni.
Damu ilikwama njiani tangu alfajiri.
Waliokuwa humo wamekosa hewa."
Alisema *waliokuwa humo*, kana kwamba ni watu.

Baba alikuwa macho, wodi ya Bombo, kitanda cha saba.
Nikamwinamia: Unanijua?
Akanitazama kwa huruma, kama ndiye aliyekuja kuniona mimi.
"Spoki," akasema.

Miaka thelathini na mmoja kanyoosha ringi
Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani,
grisi imehamia kwenye kucha zake,
na katika yote aliyojiwekea,
majina yetu sita, bei, matusi ya Kidigo,
dua ya kuingilia chooni,
lililookolewa ni hilo moja.

Basi nikaanza shule upya.
Spoki ya kuvuta, ya chini: uji umepoa.
Spoki mbili za haraka: zimeni redio.
Spoki inayopanda mwishoni: kaka yake kaja,
na deni hakuja nalo.
Nakijwa akasema, mapito ya sauti yana makao upande wa kulia,
huko hakukuharibika kitu.
Kwa hiyo baba angali na ugomvi wake, na utani, na maswali.
Ana nguo zote za maneno,
miili ya kuzivaa ndiyo hana.

Na kule nyuma, chini ya kisogo,
upo ubongo mdogo, umekunjwakunjwa kama kabichi.
Huo haujui jina la mtu.
Unajua kutoanguka.

Siku mguu uliporudi (mkono wa kulia ungali umelala
pajani kama mtoto wa jirani)
akaivuta Foniksi yake ukutani,
akatundika gurudumu begani, akapanda.
Nikapiga kelele. Majirani wakatoka.
Yeye huyo, mkono mmoja usukanini,
anayakwepa mashimo anayoyajua kwa miaka,
nami nyuma mbio, kandambili mkononi,
hadi Msambweni, kwa Bwana Shekiondo,
aliyeleta gurudumu lile jioni
ya kuamkia kiharusi.

Miezi mitano! Mimi nilishalisahau.
Sijui ni chumba gani cha kichwa kilichomtunzia ahadi ile,
Nakijwa hakukichora.

Baba akalizungusha gurudumu hewani,
likaenda bila kuyumba,
akaweka kidole kwenye waya mmoja, mpya, unaong'aa:
"Spoki."
Na kweli, ilikuwa spoki.

"Shilingi ngapi, fundi?"
Mdomo ukafunguka, ukakaa wazi.
Nilitaka kumjibia. Nikajiuma ulimi.
Akafumba macho, akaanza chini kabisa,
kwa sauti ya mtoto wa chuoni mbele ya ubao:
"Moja. Mbili. Tatu. Nne,"
akasimama hapo, akatikisa kichwa kwa nguvu.
Elfu nne.

Akazipokea kwa mkono wa kushoto,
kisha akanigeukia upesi,
nimwombee radhi.