Ghorofa ya Chini

Waliniita nitafsiri, kwa dola kumi na soda moja,
kwa sababu msanifu alisema Kifaransa cha vitabuni
na ukumbi wa parokia ulijaa watu wa Majengo,
vumbi jeusi bado kwenye kandambili zao.

Ukutani akawasha picha: jengo la vioo, orofa tisa,
limesimama kama glasi ya maji
ambayo mtu ameiweka mezani akasahau kuinywa.
Mbele yake alichora miti isiyoota hapa
na watu wembamba wasiobeba kitu.
Nilitafuta chukudu hata moja.
Hakuna.

Akatamka neno lake kuu, alilipenda, ilionekana;
nikalileta kwetu: uwazi.
Mzee mmoja wa nyuma akamgeukia jirani:
"Uwazi? Milango imeibiwa?"
Ukumbi ukacheka. Msanifu naye akacheka, amechelewa,
kama anayesema amina baada ya watu kuketi.

Nimtendee haki.
Alisema pia: mji hauwezi kuishi miaka yote
umevaa viatu, tayari kukimbia.
Hilo nililitafsiri polepole, lisimwagike,
na vijana wa mbele wakapiga makofi.
Nami nilitaka kupiga, ila nilishika maikrofoni.
Nani hajachoka na mbao,
na mvua juu ya bati inayotufanya tuongee kwa mikono?

Lakini sisi kwetu tulikuwa na ghorofa.
Baba aliijenga kwa mawe ya mlima,
akisema mlima ulitudai, acha utulipe.
Ule mwaka wa elfu mbili na mbili mlima ukaja kuchukua risiti.
Tuliporudi, unyayo ukiungua ndani ya soli,
chini kulikuwa kumejaa hadi darini.
Tuliingia kwa dirisha la chumba cha wazazi.
Baba akalipanua, akatia bawaba,
na tangu siku hiyo tunaliita mlango.
Chini yetu, ndani ya jiwe,
kuna meza, sinia mbili, baiskeli ya Nzanzu,
na ngazi inayopanda kuja kwetu
bila mtu.

Ndipo akasimama Mama Kanyere, muuza makala.
Hakutazama orofa tisa.
Alinyoosha kidole pale chini, kwenye mistari ya nukta:
"Magari italala huku. Sawa.
Na mazuku, italala wapi?"

Ukumbi ukanyamaza kwa namna nyingine.
Msanifu akanitazama.
Nikasema: gesi nzito. Akaandika, akaweka nukta.
Nikaona nimemdanganya kwa neno sahihi.
Nikaanza upya:
ni pumzi ya ardhi, haina harufu,
haipendi kusimama, inatafuta shimo ilale.
Mbuzi anashuka kula majani, hapandi.
Mtoto anainama kuokota mpira.
Basi.
Hapa, bwana, hatuchimbi ili kuhifadhi kitu.

Akaweka kalamu chini.
Sijui walikata shauri gani; sidhani walikata.
Mwenyekiti alisema mengi juu ya maendeleo,
umeme ukakatika, jengo la vioo likatoweka
na wote tukabaki na ukuta wa parokia,
wa mawe, wenye ufa uliopakwa chokaa.

Nje, msanifu aliomba nimpeleke nyumbani kwetu.
Akapita dirishani, akainamisha kichwa vizuri.
Hakusema kitu kuhusu kuta.
Alisimama katikati ya chumba muda mrefu,
kisha akagonga sakafu kwa kisigino, mara tatu,
akainamisha sikio.

Mama alikuwa jikoni, mgongo kwetu, akimenya viazi.
Akajibu kwa mazoea:
karibu.