Gari la Zamu

Wiebke anagusisha kadi kwenye kioo.
Taa ya kijani inakonyeza, mlango unamkubali.
Saa mbili amelipia: kutoka Bremen hadi kwa mamake, na kurudi.

Kiti kimesukumwa nyuma kabisa;
aliyetangulia ana miguu ya korongo.
Redio inafoka opera.
Chini ya kanyagio, glavu moja ya mtoto,
bado ina unyevu wa theluji.

Wanachama arobaini, gari moja.
Hawajuani kwa sura,
wanajuana kwa makombo ya mkate
na kiasi cha mafuta wanachoachiana.
Kukopa si harusi hapa, wala kulipa si matanga:
ni dakika tu, zimehesabiwa.

Glavu anaitundika panapoonekana.
Anavuta kiti mbele.

Akirudi, atakiacha hivyo hivyo,
kina joto.