Saba kwa Kumi na Sita

Pikapu ya baba, Fargo ya mwaka hamsini na mbili,
imekaa juu ya magogo manne tangu tulipomzika.
Panya wamekula kiti upande wa abiria,
upande wa mama.
Matairi yamekuwa vumbi jeusi. Nikiyagusa
yananibaki vidoleni kama masizi ya sufuria.

Kaka yangu Taras amekuja kutoka Regina
na picha kwenye simu: mapana,
yamevimba mbavuni, ya kupandia mlima.
Hapa hakuna mlima. Hapa ng'ombe akilala
jirani wa tatu anajua.

Sikubishana. Nilichukua boksi la friji,
nikachora duara la tairi lake kwa penseli na uzi,
nikalikata kwa kisu cha mkate,
nikalisimamisha chini ya madigadi
naye akazungusha usukani mpaka mwisho.
Krrr, likasema boksi.
Na hapo matope hayajaingia, nikamwambia.
Hapo ni Julai.
Nguo ya kuazima, Taras.

Lorne Tessier huuza matairi nyuma ya kituo cha mafuta kilichofungwa.
Kidole kimoja hana, kumbukumbu anazo zote.
"Ilitoka kiwandani na sita kwa kumi na sita," alisema,
"jembamba kama la baiskeli ya padri.
Jembamba hukata matope likaitafuta ardhi.
Pana huelea, huelea, halafu hukaa.
Na huo usukani hauna mashine ya kukusaidia:
kila inchi ya upana utailipa kwa bega."
Kisha akanitazama.
"Lakini Metro mwenyewe alikuwa akifunga namba gani?"

Sikujua. Nilirudi bandani na tochi,
nikalala chali chini ya bodi, kwenye tairi la akiba,
nikalisugua ubavu kwa mate na mkono wa shati
mpaka tarakimu zikajitokeza, bila haraka:
saba, nukta, sufuri, sufuri, mstari, kumi na sita.

Saba. Si sita.

Lorne akatafuta karatasi. Tairi likiwa refu, alisema,
huzunguka mara chache kwa njia ileile,
na saa ya mwendo haijui njia,
inajua kuhesabu mizunguko tu.
Saa ya baba inasema maili elfu tisini na moja.
Akazidisha, akafuta, akapiga miayo, akaandika:
ongeza elfu saba.

Elfu saba!
Baba ambaye hakuwahi kuiona bahari,
aliyekosa harusi ya dada yake Winnipeg kwa ajili ya ndama.
Elfu saba ni kwenda baharini na kurudi mara tatu
na petroli ikabaki.

Hakuna siri. Ni barabara ileile ya changarawe,
ghala la ngano, kanisa, duka la spea,
na Saskatoon, hospitali,
majira yale ya baridi mama alipolazwa wadi ya tano.
Saa ilipohesabu kumi na mbili
yeye alikuwa amekwenda kumi na tatu.
Na ile faini ya mwaka sitini na nane,
alipoapa mbele ya hakimu kwamba mshale ulisoma hamsini,
tukamcheka mpaka Krismasi:
maskini, alikuwa mkweli.

Taras anasema tufunge sita,
angalau saa iseme kweli.
Ni hoja. Nimeilalia usiku mzima.

Asubuhi nimemlipa Lorne:
matairi manne ya saba, mipira ya ndani minne.
La tano akaniuliza, nikasema hapana.
Lile kuukuu litabaki palepale chini ya bodi.
Haliwezi tena kushika upepo,
lakini namba yake inasomeka.