Hatua Arobaini

Mwaka ule wa tetemeko theluji ilikataa kukaa
juu ya zizi letu.
Ilianguka, ikagusa nyasi, ikawa maji.
Torfi alisimama mlangoni na kikombe chake,
akasema: Ardhi ina homa.
Kisha akaenda kuwalisha kondoo,
maana homa ya ardhi haizuii njaa ya kondoo.

Miamba ilikuwa imepasuka huko chini tusikokuona,
maji ya moto yakabadili njia,
na kipande cha mteremko, si kikubwa, ekari mbili hivi,
kikaanza kupashwa kutoka chini
kama sufuria.

Ndipo akaja Hallbera, mwanafunzi,
mabuti makubwa kuliko yeye, mkoba wa vipimajoto.
Akapigilia vigingi kupanda mlima.
Cha buluu: udongo wa siku zote.
Cha manjano: nyuzi tatu zaidi.
Cha chungwa, tano.
Chekundu, kumi; hapo ukitandaza soksi zinakauka.
Kutoka buluu hadi chekundu ni hatua arobaini.
"Ukitembea hapa," aliniambia,
"unatembea kuelekea kwa wajukuu."
Mimi sina mjukuu.
Nilitembea hata hivyo, ndoo mkononi.

Miaka ya kwanza tulicheka.
Aprili, bonde zima lina rangi ya mbwa mzee,
sisi tuna utepe wa kijani.
Nyasi zetu ziliamka wiki tatu kabla ya za jirani.
Torfi akapanda viazi penye chungwa, akavuna Julai,
akapeleka gunia kila nyumba,
tuseme ukweli, kwa majivuno.

Lakini maua nayo yaliamka,
yakafungua milango na mgeni hajafika:
nyuki bado wamelala.
Baridi ya Mei ikayakuta uchi.

Hallbera aliufunika udongo kwa kawa nyeupe,
akapiga magoti, akausikiliza kwa mashine.
"Unapumua," alisema. "Unapumua haraka mno."
Mle ndani, wale wadogo wasioonekana,
waliozoea kula polepole huku wakisinzia,
wamepashwa, wameshikwa na njaa,
wanakula mizizi iliyokufa kabla Torfi hajazaliwa,
kabla ya kanisa,
kabla bonde halijapewa jina.
Akiba haiozi, husemwa.
Hii inaoza. Inaoza na kupaa.

Akachimba kwa koleo ili nione.
Penye buluu: mweusi, umejaa mizizi kama nywele,
ukiubana unafura tena kama mkate.
Penye chekundu: mzito, wa rangi ya jivu,
na uso wake umeshuka upana wa kiganja.
Torfi aliutazama kwa muda mrefu.
Jina lake, kwa lugha yetu,
latokana na udongo ulioshikwa na mizizi,
ule waliojengea kuta babu zetu.
Hakusema kitu.
Mwaka uliofuata hakupanda viazi.

Nyasi bado ni za kijani. Hilo ndilo linalonisumbua.
Mpita njia atatazama na kusema: heri yao.

Hallbera amemaliza masomo,
ameniachia kipimajoto kimoja.
Nakisoma kila Jumapili, naandika kwenye daftari la kondoo,
kati ya namba ya jike aliyezaa mapacha
na tarehe ya dawa ya minyoo:
chungwa, kumi na moja nukta mbili.

Usiku mmoja wa Februari nilimkuta
jike yule mwenye sikio lililochanika
amelala penye chekundu,
theluji ikimyeyukia mgongoni.
Nilitaka kumfukuza.
Upepo ulikuwa mkali,
na ardhi ina joto
kama kitanda alichotoka mtu sasa hivi.
Nikaketi kando yake.
Nikasema, dakika tano tu.